Kofia Sita na Wenyewe

Jumamosi, 3 Oktoba 1998

Kofia ya sita nimeitia kwenye faroma, kile kigogo cha kuipa umbo, kabla sijenda skuli. Bado mbichi kwa wanga, inakauka dirishani. Sita kamili. Ya baba, za ami zangu wawili, za majirani watatu. Wote wa mtaa wetu Unguja, wote waliuawa siku za Mapinduzi. Hata mmoja hana kaburi tunalolijua. Mama ndiye aliyekuwa akiwashonea. Tulipokimbilia huku Omani alificha nyuzi zake za vipimo kwenye pindo la kanga, kila kichwa na uzi wake, fundo mwisho. Nimejifunza kushona ukubwani kwa ajili ya nyuzi hizo. Jumatano zinakwenda kwenye maonyesho ya kazi za mikono, Ruwi, kila moja na jina la mwenyewe. Najiona. Na nijione.

Jumapili, 4 Oktoba

Kaka Nasor kaja kutoka Bawshar. Kasoma vile vikaratasi vya majina, uso ukamsawijika. Ati nchi imetupokea, imetupa kazi, majina ya nini? Niweke kofia tu. Mtu mzima, mkubwa wizarani, bado anaogopa kusikika. Kofia zisizo majina zimejaa sokoni Matrah. Nilikasirika hata chai sikuimaliza.

Jumatatu, 5 Oktoba

Balaa. Nimempa mama kofia ya baba. Macho yake yamekwisha, anaona kwa vidole. Kaizungusha, kaipima kwa shubiri.

"Baba'ako haimwingii hii."

Nimeshona mpaka kwenye fundo. Kumbe fundo ni kichwa chenyewe. Kofia huachiwa kidole kizima zaidi, kwani kitambaa hurudi kikifuliwa. Sikuwahi kumwuliza. Nyumba hii watu wale hawatajwi. Zote sita ndogo. Mwalimu wa hesabu mimi, nimeshindwa na kidole kimoja! Nimelia. Nimemwambia mama sizipeleki tena.

Jumanne, 6 Oktoba

Mama kaamka kabla yangu. Nimemkuta keshafumua mshono wa nyuma wa kofia ya baba, anataka nitie ukanda wa kitambaa. Nikasema kiraka kitaonekana.

"Na kionekane. Kwani yaliyotupata sisi hayakuonekana?"

Sikwenda skuli. Yeye anafumua, mimi nashona, na huku anasema. Miaka thelathini na nne alinyamaza. Leo kaanza: ami Seif ana kichwa kama boga. Jirani Khamis yake akiivaa upande kwa kuringa. Baba kila kofia anaitia mafuta ya nywele, yeye na mama wanagombana mpaka magharibi. Tumecheka nikajichoma sindano. Zote sita tumezimaliza.

Jumatano, 7 Oktoba

Ukumbi umejaa. Mama kakaa kitini kando ya kofia, mgongo umenyooka. Bibi mmoja mwenye dhahabu zake alitaka kuzinunua zote. Mama akamwambia:

"Haziuzwi, mwanangu. Zina wenyewe."

Nasor kaja, sikumtaraji. Mgeni mmoja akauliza kwa Kiarabu hawa ni nani. Sijafungua mdomo, Nasor akamjibu, jina baada ya jina, kwa sauti ya kusikika na ukumbi mzima. La baba akalitaja mwisho. Sijapata kumwonea fahari kaka yangu kama leo.

Ijumaa, 9 Oktoba

Asubuhi ya kimya. Kaja mama mmoja wa hapa hapa Darsait, tunajuana kwa salamu tu. Anataka nimshonee kofia baba yake, naye aliuawa siku zile. Uzi hana, picha hana. Kamleta mwanawe, mwanamme mwenye mvi, maana kwao husemwa kichwa chake na cha babu yake ni kile kile. Akainama, nikampima. Nikamwuliza jina la babu yake. Akalitamka polepole, nikaliandika.