Nyuma Kama Uji

Jumatatu, 9 Juni
Ukungu tena Uyole. Nimempiga picha bwana harusi barabarani, lenzi wazi mpaka mwisho. Uso unang'aa, malori nyuma yameyeyuka kama ndoto. Mbeya nzima hakuna anayeyeyusha nyuma ya picha kama mimi. Bosi wa studio anasema kichwa changu hakiingii mlangoni. Wivu tu.

Jumatano, 11 Juni
Nipo Tosamaganga kwa Bibi. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Hospitali wanataka apasuliwe Jumatatu, hataki. Kisu jichoni, hapana. Mama kanituma nimbembeleze kwa kuwa mdomo ninao. Nikampiga picha uani, kitaalamu. Akaisogeza kamera mpaka puani, aione picha.
"Mume wangu, migomba yangu iko wapi?"
"Nimeiyeyusha, mke wangu. Ndiyo fasheni."
"Uji huu mimi nauona kila siku, bure."
Nikaifunika lenzi. Mimi.

Ijumaa, 13 Juni
Bibi akitaka kuniona anafinya macho, yanabaki vitundu vya sindano. Nikacheka, kisha nikaacha kucheka. Tundu la lenzi nalo ukilibana hivyo, mbali kunaonekana. Ila mwanga unapungua, lazima vitu vitulie. Nikangoja ukungu upande. Kamera juu ya kinu kilichopinduliwa. Fokasi nikaiweka kwenye banda la kuku, kati ya Bibi na kilima cha nyuma. Imekubali. Makunyanzi, migomba, ng'ombe, mparachichi aliopanda babu kule mwisho. Kila kitu kipo, kimetulia kama kinaota.

Jumamosi, 14 Juni
Nimeisafisha picha studio ya Mlandege, mjini, saizi kubwa. Nikaitundika ukutani kwake. Kaipapasa. Akauliza kama mparachichi umezaa. Nikasema kapasuliwe, uone mwenyewe. Kaninunia.

Jumapili, 15 Juni
Hajanisemesha tangu jana. Naogopa. Akigoma kesho, uji utageuka giza, na mimi ndiye niliyemuudhi.

Jumatatu, 16 Juni
Asubuhi nimemkuta mlangoni, kajifunga kitenge kipya. Kaninyooshea mkono nimshike. Hospitali wameanza na jicho la kulia.

Jumatano, 18 Juni
Bandeji ilitolewa jana. Leo Bibi kakaa juani na picha mapajani. Kidole kinatembea taratibu, banda, migomba, ng'ombe, mpaka kwenye mparachichi. Kikakaa hapo muda mrefu. Halafu akanitazama.
"Kumbe nimeolewa na uso wa chunusi."
Akataka kamera. Nikamfungulia lenzi yote, nikasimama mbele yake. Akabonyeza. Kuku aliyepita mbele anaonekana kila unyoya. Mimi nyuma yake, uji.
Sijaifuta.