Mchezo Utakaompiga Bwana Salehe

Jumanne, 5 Agosti

Nimesahihisha madaftari arobaini na nane. Hesabu za kugawanya. Nusu wamekosa swali la nne, maana yake nimelifundisha vibaya. Sikio la kushoto bado linavuma nikimeza mate. Siku ya kumi na mbili leo.

Niandike mara moja, nisirudie tena. Alhamisi ile Bwana Salehe, mwenyekiti wa kamati ya shule, aliingia darasani kwangu bila hodi. Nilikuwa nimempa binti yake Nasra sifuri kwa kuangalizia mtihani wa hesabu. Akaniuliza kama namjua yeye ni nani. Nikamwambia namjua, ni baba yake Nasra. Akanizaba kofi. Darasa la nne zima likaona. Chaki ikanidondoka, na mimi, mtu mzima wa miaka thelathini na sita, nikainama kuiokota. Kule kuinama kunaniuma kuliko kofi lenyewe.

Kesho yake mwalimu mkuu akatukutanisha ofisini, mlango umefungwa. Bwana Salehe akasema samahani huku anaangalia simu. Ikaletwa karatasi ya suluhu. Nikasaini. Kofi kanipiga hadharani, samahani kaniombea chumbani, na mimi nikatia saini. Najichukia.

Sitaki kumshitaki. Nataka kumpiga. Mbele ya watu walewale.

Jumatano, 6 Agosti

Jioni nzima na simu. Karate, judo, taekwondo, ndondi, kung fu. Sikujua kama iko mingi hivi. Kila anayeshauri anasema anayeanza ajiulize kwanza anatafuta nini: afya, nidhamu, kujilinda, mashindano. Ninachotafuta mimi hakimo.

Nimejipima mlangoni. Futi tano na inchi mbili. Yeye amenizidi kichwa kizima, na tumbo juu yake.

Mama ameuliza mbona sili. Nimesema sikio.

Jumamosi, 9 Agosti

Karate, njia ya kwenda Mbegani, kwenye uwanja wa mchanga nyuma ya nyumba ya mtu. Mwalimu wao ni Sensei Hamza, fundi wa mafriji, ndevu nyeupe, mgongo umenyooka kama rula. Wanafunzi tisa, wasichana wawili. Nimevaa suruali chini ya dera, ushungi nimeubana kwa pini nne.

Saa nzima tumesimama. Mguu mmoja mbele, goti limekunjwa, ngumi kiunoni. Tumesimama tu. Baadaye nikamuuliza lini nitaweza kumpiga mtu. Akacheka kwa upole.

"Mwalimu, mwaka wa kwanza hapa tunajifunza kusimama."

Mwaka! Bwana Salehe ana kisukari. Anaweza kufa kabla sijajua kusimama.

Jumapili, 10 Agosti

Mapaja yanawaka. Nimesali nimekaa.

Jumanne, 12 Agosti

Kikao cha kamati. Mwalimu mkuu akaniita nihudumie chai. Wako walimu wanaume watatu pale, akaniita mimi. Nikammiminia Bwana Salehe kikombe. "Ahsante sana, mwalimu wangu," akasema, wote wasikie, kwa sauti ya mtu aliyekwishasamehewa.

Sikummwagia. Nilikuwa natazama pa kumpiga. Shavu ni kubwa lakini linateleza. Pua ipo juu mno kwangu. Chini ya mbavu, pale kanzu inapobana. Pale.

Jumamosi, 16 Agosti

Judo. Nimekwenda hadi Bunju, basi mbili. Ukumbi wenye magodoro ya turubai. Anafundisha Bi Agnes, mfupi kama mimi, shingo nene. Amenishika ukosi, nikaona dari. Sikuelewa nimefikaje chini.

Akanifundisha kuanguka. Kidevu kifuani, mkono upige godoro kabla ya mgongo. Nimeanguka mara thelathini. Nakiri nimependa. Kwa saa moja sikumfikiria yule mtu.

Hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Halafu judo haina ngumi hata moja, na ili umwangushe mtu lazima umkumbatie kwanza. Nimkumbatie Bwana Salehe? Hapana.

Jumapili, 17 Agosti

Taekwondo. Vijana wanarusha miguu juu ya vichwa vya wenzao. Nikaambiwa nami ninyanyue mguu. Ukafika usawa wa meza. Nimerudi nyumbani.

Jumatano, 20 Agosti

Nimepata.

Ndondi, nyuma ya gereji moja Magomeni, ile ya hapa hapa mjini kwetu. Gunia limening'inizwa kwenye boriti, harufu ya jasho na oili chafu. Kocha Dulla, mtu mzima, nyusi moja imekatwa na kovu. Nikamwamkia shikamoo, madaftari kwapani.

"Marahaba, mwalimu. Kuna mwanafunzi wako katoroka?"

"Nimekuja kujifunza."

Akaniangalia kuanzia ushungi mpaka kandambili. "Unataka kumpiga nani?"

Hamza hakuuliza. Agnes hakuuliza. Nikamjibu ni mtu mzima, mnene.

"Mumeo?"

"Sina mume."

"Na ukishampiga, utafanya nini?"

Nikatazama gunia. Kisha akasema nije kesho saa kumi na nusu, nikate kucha.

Nimezikata. Fupi kabisa, mpaka mbili zimetoka damu.

Alhamisi, 28 Agosti

Ngumi haitoki mkononi. Inaanza kisiginoni, inapita nyonga, inafika begani, mkono ni wa mwisho kupata habari. Siku nane nimekuwa nikipiga kwa mkono tu, kama mtu anayefukuza nzi. Leo mara moja, mara moja tu, gunia liliguna.

Mama amejua. Kuna mtu kamwambia. "Hawa, mwanangu, mwalimu wa watu, unapigana na gunia?"

Nikamwambia gunia halina mdomo.

"Na huyo Salehe unayemtafuta ana watoto."

Nikamjibu kwamba na mimi nina mama, na hilo halikumzuia yeye. Nimesema kwa ukali. Mama akaingia ndani. Sijamwomba radhi.

Jumatatu, 1 Septemba

Kisigino, nyonga, bega. Nafanya ubaoni nikiwapa watoto kisogo. Hawajagundua.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimepigana kwa mara ya kwanza na mtu anayepumua. Mariamu, miaka kumi na tisa, anakaanga chipsi stendi. Kanipiga pua sekunde ya tatu. Nikalia. Si kwa maumivu. Ni kwamba uso wangu uliikumbuka ile Alhamisi kabla mimi sijaikumbuka.

Mariamu akataka kuacha. Nikamwambia aendelee. Kanipiga tena, na tena. Mara ya tano nikasogea, ngumi yake ikapita. Sijapata kufurahi hivyo mwaka huu.

Kocha Dulla hakufurahi. "Unapiga kwa hasira. Mtu anaiona ngumi yako tangu unavuta pumzi."

Nitajifunza kuificha basi.

Jumatatu, 22 Septemba

Siku ya wazazi ni Ijumaa hii. Mwalimu mkuu ametangaza mstarini. Wanafunzi wote uwanjani, wazazi kwenye viti, mwenyekiti wa kamati atahutubia.

Watu walewale, na wengine zaidi.

Mwalimu Rehema, tunayegawana meza ofisini, ameniuliza mbona natabasamu. Nimemwambia nimekumbuka kitu.

Nasra amehamia dawati la mbele kwa hiari yake. Siku hizi ananibebea madaftari mpaka ofisini. Hasemi kitu, anabeba tu. Sijui anataka nini. Sitaki kujua, si wiki hii.

Alhamisi, 25 Septemba

Sikwenda mazoezini. Nimempikia mama samaki wa nazi. Tumekula vizuri. Sikumwambia.

Ijumaa, 26 Septemba

Nimempiga.

Niandike kwa mpangilio. Alisimama na kipaza sauti, akaongea robo saa. Alipofika kwenye nidhamu ya walimu, nikainuka. Nikasema, "Bwana Salehe, ulinipiga kofi mbele ya watoto hawa. Naomba uniombe radhi mbele yao."

Nilimsikia mtoto mchanga wa mtu akinyonya.

Akacheka. "Mwalimu, hayo tulishayamaliza ofisini. Hebu kaa chini." Nikabaki nimesimama. Akaweka kipaza sauti mezani, akaja mpaka nilipo, akanishika bega anikalishe kwa nguvu.

Kisigino, nyonga, bega.

Ilimpata pale pale nilipopachagua siku ya chai. Alitoa sauti kama mlango wa kabati. Akakaa chini mchangani, miguu imenyooka mbele, kofia ikamdondoka. Hakuweza kuongea. Darasa la nne walipiga kelele kama tumefunga goli. Wengine walipanda juu ya mabenchi.

Nilifurahi. Hili ni daftari langu, sina wa kumficha. Nilifurahi kuliko siku niliyopata ajira.

Kisha Nasra akatoka kwenye mstari. Hakukimbia. Akaja, akainama, akaiokota kofia ya baba yake, akaipangusa mchanga kwa mkono wa sare. Akabaki ameishika, kwa sababu baba yake alikuwa hajaweza kunyanyuka, na watoto wote wanacheka. Akaniangalia.

Kwa siku sitini niliwahesabu watakaoona. Yeye sikumhesabu.

Jumapili, 28 Septemba

Kidole gumba kimevimba. Mama amenikanda kwa maji ya moto na chumvi. Hakusema, "Nilikwambia." Afadhali angesema. Nimemwomba radhi kwa maneno ya siku ile. Akasema nisitikise mkono.

Kocha Dulla amenifukuza. Alisimama mlangoni, hakuniruhusu hata kuingia. "Nilijua toka siku ya kwanza, nikadhani itakutoka kwenye gunia. Kosa ni langu pia. Nirudishie glavu."

Nikamrudishia. Mariamu alikuwa anachungulia nyuma yake. Akanionyesha dole gumba. Sikujua niweke wapi uso.

Jumatano, 1 Oktoba

Nimehojiwa na watu watano kutoka ofisi ya elimu. Nimejibu kila swali. Waliniuliza kama najuta, nikasema sijutii kumpiga. Mmoja akaandika kwa muda mrefu.

Bwana Salehe hakwenda polisi. Rehema anasema hataki iandikwe kituoni kwamba kaangushwa na mwanamke. Nimecheka peke yangu chooni. Bado namchukia. Nilidhani ngumi ikishampata, chuki itaisha. Imepungua kidogo tu, kama maji ndooni unapochota kikombe.

Nasra hajaja shule tangu Ijumaa. Wakati wa mapumziko wavulana na wasichana wa darasa langu wanaigiza: mmoja anakuwa mimi, mmoja anakuwa baba yake Nasra, anakaa chini na kukodoa macho. Nimewakataza. Wameacha. Baadaye nimewasikia wakiendelea nyuma ya vyoo.

Jumatatu, 6 Oktoba

Amekuja. Amekaa dawati la mwisho. Nilipoita jina lake akaitika "nipo", basi. Yule aliyeigiza baba yake akajifanya anaanguka kwenye kiti. Darasa likacheka. Nasra akaendelea kuchonga penseli mpaka ikaisha.

Nikasimamisha somo. Nikawaambia hakuna cha kuchekesha, nikawaambia mimi ndiye niliyekosa kwa Nasra. Nilitaka kusema zaidi. Wakaniangalia wote kama nimeanza kuongea Kichina. Nasra hakuinua uso. Pengine nimemzidishia aibu. Sijui tena mambo ya kufanya mbele ya watu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Barua mbili. Ya kwanza onyo. Ya pili uhamisho, Fukayosi, niripoti Jumatano. Mwalimu mkuu kanikabidhi huku anaangalia dirishani. Bwana Salehe anabaki mwenyekiti.

Jumamosi, 18 Oktoba

Fukayosi. Chumba kimoja, sakafu ya saruji, mlango unaoelekea uani. Shule ina walimu sita. Darasa la tatu wamenipa, watoto wapole, wawili wanaongea Kikwere wakijisahau. Mama mwenye nyumba aliuliza kilichonileta. Nimesema uhamisho. Akasema karibu, akaniletea mihogo.

Hapa hakuna karate, hakuna judo, hakuna gereji yenye gunia. Asubuhi nimekimbia barabarani mpaka kwenye kibao cha kijiji na kurudi. Hakuna aliyenishangaa sana.

Mchana nimemwandikia Nasra. Mara ya kwanza kurasa tatu, nimejieleza mno, nimechana. Mara ya pili nimemwombea na baba yake mema, nikaona naongopa, nimechana. Iliyobaki ina mistari minne. Kwamba nilimpiga baba yako mbele yako na mbele ya wenzako. Kwamba wewe hukunikosea kitu. Kwamba wakikucheka, kosa ni langu, si lako. Kwamba ulipoiokota ile kofia ulifanya vizuri.

Sikuandika kwamba najuta kumpiga. Sijuti, na mtoto angejua.

Rehema atapita hapa Jumatatu, nitampa ampelekee. Bahasha nimeigundisha kwa uji. Mvua imeanza kunyesha kidogo. Kuku wa mama mwenye nyumba wameingia mpaka ndani, wamejipanga chini ya kitanda. Nimewaacha.