Dume Aliyekataa Kutulia

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Mlali tunapura mtama, ila bibi yako ananikataza kuinua magunia. Umeuliza kama naielewa dawa ya saratani ya tezi dume mnayoichunguza huko maabara kwenu.

Ujanani nilikuwa nikihasi madume ya ng'ombe kwenye kituo cha mifugo, Mpwapwa. Nundu zao zilisinyaa, wakatulia. Mmoja tu aliendelea kupigana. Msimamizi akaniita mzembe. Tulipomchinja, tukakuta korodani moja imejificha tumboni.

Sasa daktari wangu anashangaa: sindano imezima homoni ya kiume ya korodani, lakini uvimbe wangu wa tezi dume unakua. Mimi sishangai, nina hamu tu ya kujua. Huko maabara, mmeshatafuta kama kuna mahali pengine mwilini panapojificha na kutoa homoni hiyo?

Babu yako, ambaye naye bado anapigana.