Abiria wa Tatu

Kwako binti yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe, mume wako na wajukuu zangu. Natumaini hamjambo nyote, na kwamba kikohozi cha yule mdogo kimekwisha. Mimi, kwa rehema za Mungu, ni mzima. Niwie radhi kwa kuchelewa kukujibu. Kalamu nimeishika mara nyingi, nikaiweka.

Umenihimiza niuze gari, kwa kuwa mstaafu hana safari. Shauri lako ni la busara. Hata hivyo, niruhusu nikueleze. Barabara yetu kuu imetengewa njia ya mabasi, na gari dogo haliruhusiwi kupita humo ila likiwa na watu watatu au zaidi, dereva akiwemo. Basi kila asubuhi nilisimama kituoni nikawachukua muuguzi wa zahanati na mama mmoja mjane, fundi cherehani. Wao waliwahi kazini. Mimi nilipata watu wa kuniamkia. Waliketi nyuma. Kiti cha mbele kilikuwa cha marehemu mama yako, nao walilijua hilo bila kuambiwa.

Mwezi uliopita muuguzi alihamishwa. Kwa mazoea nikaingia njia ile ile, askari akatusimamisha. Alichungulia ndani, akauliza kwa adabu kama abiria wa tatu tumemfungia kwenye buti. Fundi akamjibu kwamba mzee huyu, kwa wingi wa maneno yake, anahesabika wawili. Askari alicheka, lakini sheria ni sheria; akaturudisha kwenye foleni. Niliona haya, nikamwomba fundi msamaha kwa kumchelewesha. Akaniuliza ni lini amelalamika. Kisha akaomba ahamie mbele, maana amechoka kuzungumza na kisogo. Nilishuka, mwanangu, nikamfungulia mlango wa mbele.

Sasa nisamehe kwa nitakayosema. Mjini sina shughuli. Nikishamshusha, hugeuza gari nikarudi nyumbani. Kituoni watu wamejaa, na abiria wa tatu hakosekani, ila sijamtafuta. Foleni ikisogea upesi, nasononeka.

Ningependa kumposa. Sijamtamkia neno, kwani sikuona vema alisikie kabla yako. Mimi nilifiwa na mke, wewe ulifiwa na mama. Siwezi kupima kilio chako kwa changu. Ukikataa, nitanyamaza, wala sitakulaumu.

Wabusu watoto kwa niaba yangu.

Ni mimi baba yako, nikupendaye daima.

Barua hii anakuletea yeye mwenyewe, kwa kuwa anakuja huko kununua vitambaa. Hajui kilichomo. Nakusihi, usinijibu kabla hujamkaribisha aketi.