Mama na Ndago

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Mnaendeleaje huko ghorofani, wewe, shemeji na wanangu? Kifua cha yule mdogo kimepona? Sisi huku tunapumua. Mimi sijambo, ila mgongo unaniuma kwa kupalilia, na kisa chake ndicho kimenifanya nishike kalamu. Tafuta mahali ukae.

Unalikumbuka lile tuta la vitunguu nililokuwa nikijisifia? Basi wiki iliyopita natoka kazini, nakuta Mama amelipalilia kwa kijembe. Dada, vitunguu vyote viko kwenye karai, vimelala chali, na ndago, magugu yenyewe, zimesimama tutani, zimemwagiwa maji, zinastarehe! Nilipiga kelele mpaka jirani yetu fundi redio akachungulia juu ya ua. Mama akajibu kwa ukali kwamba vitunguu vyangu vilikuwa vinyonge tangu mwanzo, na tangu lini mimi nimekuwa bwana shamba. Nikanuna. Hata chakula sikula naye.

Kesho yake nikaona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye mawaridi ya mlangoni. Si yeye mwenyewe aliyetufundisha kwamba sisimizi hawapandi bure, geuza jani? Nikageuza. Vidukari wamejaa chini yake, wananyonya, majani yamejikunja na yananata. Nikamwita. Akashika jani, akalisogeza karibu na pua, akasema ni safi kabisa. Na vidukari wanamtembea kidoleni, Dada! Nikadhani ni ule ugomvi wa vitunguu unaendelea. Nikachanganya maji ya sabuni, nikampa ile chupa ya kunyunyizia, maana unajua hapendi mtu aguse mawaridi yake. Akanyunyizia ukuta. Ukuta mtupu, kwa uangalifu, kuanzia chini kwenda juu kama anavyofanya siku zote.

Niliichukua chupa mkononi mwake. Nikamuuliza taratibu haoni tangu lini. Kwanza alinikaripia, akasingizia jua. Kisha akakaa kwenye ngazi, akaniambia kwamba kila anachokitazama moja kwa moja kina doa jeusi katikati, na doa hilo linakua. Pembeni bado anaona, ndiyo maana hajikwai wala hatukushtuka. Na mimi mjinga, nilipomwona siku hizi anageuza uso ninapoongea, nilidhani amenichoka. Kumbe alikuwa ananitafuta.

Nilimpeleka kwa daktari wa macho. Alisema nyuma ya jicho pamechakaa, kilichopotea hakirudi, na dawa itachelewesha tu kupotea kwa hicho kilichobaki. Mama alimshukuru kwa adabu zote. Njiani akanishika mkono, akaniapisha nisikwambie. Anasema ukijua utamfungasha kama mzigo, umpandishe huko kwako ambako hata udongo wa kujaza kikombe hakuna. Niliapa, Dada. Leo nimekuandikia, na Mungu anisamehe, maana siwezi kulibeba hili peke yangu.

Ila nisikilize kabla hujaanza kutafuta tiketi ya kuja kumchukua. Tumepanda upya. Siku hizi anapalilia kwa vidole. Anasema bua la ndago lina pembe tatu na jani la kitunguu ni la mviringo, mtu anahitaji macho ya nini hapo? Anaifuata ndago chini mpaka kwenye kijiazi chake, maana ukiikata juu tu inarudi na ndugu zake. Jani likinata, ananiita niwatazame vidukari, na nikichelewa natukanwa vizuri tu. Anacheka, Dada. Ukimtoa kwenye udongo huu, sijui atabaki na nini cha kushika.

Jana aliniuliza unafananaje sasa. Nikamwambia umenenepa na mashavu yamejaa. Akacheka sana, halafu akasema hilo angependa kujionea mwenyewe. Akaenda kuosha mikono.

Msalimie shemeji, uwabusu wanangu, na umwambie yule mkubwa mama yake mdogo anamdai barua. Fundi redio naye anakusalimu.

Usije kumchukua, Dada. Njoo akuone. Njoo mapema, na ukifika usikae mbele yake. Kaa pembeni.

Mdogo wako akupendaye,
Kelele