Maftaha binti Abdala, Aliyezikwa na Wanawake wa Kadifu

Mwaka umetimia, Maftaha, tangu ulipofumba macho katika wodi ya hospitali huko Kadifu, mji wa bandari wa Waingereza, ukiwa na miaka thelathini na miwili. Kwetu sisi wa Kilwa Kivinje msiba wako una miezi minane tu, maana habari ilichelewa kutufikia. Na ukweli wako tumeujua miezi hiyo hiyo minane. Kabla ya hapo tulikuwa na uongo, tukaufuga nyumbani na kuulisha.

Tunayaandika haya gazetini ili wayasome wale waliokusema vibaya. Wengi wao ni watu wetu. Baadhi yao ni sisi wenyewe.

Ulikuwa mtoto wa kwanza wa Bi Kijakazi na marehemu Abdala, mchuuzi wa chumvi. Hukujua kukuna nazi ukiwa kimya. Lazima uwe na kisa cha kusimulia, na kisa kikinoga mbuzi husimama na mchuzi huchelewa. Ukipakua chakula ulianza na mgeni, kisha mama, kisha mdogo wako Mwahija, halafu ukasema umeshiba na hali hujaonja kitu. Kila Alhamisi ulimkalisha Mwahija katikati ya magoti yako ukamsuka twende kilioni, na akitikisika ulimgonga kwa kitana utosini. Mpaka leo, akikaa kusukwa na mtu mwingine, shingo yake hukaza ikingojea lile pigo.

Ulipoachika bila mtoto hukulia mbele za watu. Ulikwenda Lindi kufanya kazi ya uyaya kwa Mzungu mmoja wa matrekta ya karanga, katika nyumba yao ya Mitwero. Kazi hiyo ulitafutiwa na baba mdogo Tawakali, aliyekuwa karani wa boma. Watoto wa Mzungu walikupenda. Yule wa kike alikuwa hali asipolishwa na mkono wako.

Mashamba ya karanga ya serikali yalipokufa mwaka wa hamsini na moja na Wazungu wakafunga mizigo, memsabu alitaka uende nao Ulaya kwa miezi sita, watoto wazoee shule. Tawakali ndiye aliyetia saini bomani kwa niaba ya ukoo.

“Shemeji, miezi sita si kitu,” alimwambia Bi Kijakazi. “Atarudi na Kiingereza na koti zuri.”

“Koti la nini mimi?” mama alijibu. “Nataka mtu wangu arudi.”

Miezi sita ikapita, ukapita mwaka, na wa pili. Barua hatukuiona. Sisi hatuna sanduku la posta. Barua zetu zote zilipitia boma, mkononi mwa baba mdogo. Siku moja baada ya swala ya Ijumaa alikuja, akakaa barazani, akavua kofia, akasema kwa sauti ya mtu aliyefiwa: “Maftaha amekataa kurudi. Anaishi na baharia. Dini ameiacha.”

Bi Kijakazi alikuwa akisuka ukili. Aliuweka chini. Hakupiga kelele. Alisema, “Kama ni hivyo, basi mimi sina radhi naye.” Alilisema mara moja, na jina lako hakulitaja tena.

Mji ulipopata hiyo habari haukukawia kuitungia wimbo. Katika harusi moja ya hapa hapa Kivinje wanawake walisimama wakaimba:

Yaya kaenda Ulaya, Ulaya kwamnogea,
Mamake amlilia, yeye ajichekelea.

Mwahija alikuwa katika ule mduara. Macho yote yalimgeukia yeye, waone atafanya nini. Maftaha, aliitikia. Alipiga makofi akaitikia pamoja nao, ili asiwe dada wa yaya bali awe mwimbaji kama wengine. Ameomba hili liandikwe.

Mwezi wa sita mwaka jana alikuja mgeni kutoka Kipatimu, nchi ya Matumbi. Aliitwa Petro, mwalimu wa shule ya misheni, kanzu yake nyekundu kwa vumbi la njia. Alibisha hodi, akaamkia, “Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu uketi.”

Hakuketi. Aliuliza, “Hapa ndipo kwao Maftaha?”

Bi Kijakazi aliinamia ukili wake. Mwahija ndiye aliyejibu, “Ndipo.”

Petro alikuwa na barua ya Kiingereza. Aliyeiandika ni mwanamke aitwaye Agnes, mtu mweusi wa Fritauni, Afrika ya Magharibi, aishiye Kadifu. Agnes hakutaka barua yake ipitie boma. Alimpa padri wake, padri akawapelekea mapadri wenzake wa huku, ikazunguka mpaka ikafika Kipatimu. Petro alisimama uani akaifasiri neno kwa neno. Alipofika mahali pa kifo chako alisita, akamtazama mama.

“Soma,” Bi Kijakazi alimwambia. “Hukutembea kutoka Matumbi kuja kuninyamazia.”

Basi tukayajua. Memsabu aliwapeleka watoto shule ya bweni baada ya miezi minne. Asubuhi ya pili alikupa barua ya kukusifu tabia, akakuambia huna kazi tena. Karatasi zako za safari alibaki nazo, akasema atazishughulikia. Hakuzishughulikia. Mtu alikuambia Kadifu kuna watu weusi, ukapanda treni ukiwa na kanga mbili na koti la kuazima. Ulibisha nyumba tatu kutafuta chumba, na zote tatu zilifungwa usoni pako. Mbele ya nyumba ya nne Agnes alikukuta umesimama tu, mvua inakunyeshea, mkono hauinuki kubisha. Alikushika bega akakupeleka kwake.

Ulipata kazi katika chumba cha dobi cha hospitali, kufua mashuka ya wagonjwa. Mikono yako ilipasuka kwa sabuni na baridi. Lakini Jumamosi mchana, Agnes anasema, jiko lake lilikuwa lako. Wanawake walikuja: wa Fritauni, wa visiwa vya mbali walikopelekwa babu zao utumwani, na waliozaliwa hapo hapo Kadifu na baba mabaharia. Hamkuwa na lugha moja wala dini moja. Wewe peke yako ndiwe uliyejua Kiswahili, ukawafundisha kusema “karibu” na “pole”, maana ulisema Kiingereza hakina pole ya kutosha. Mabaharia wakileta nazi mlipika wali. Mlishonana nguo, mlisukana. Mwanamke mweusi akijifungua peke yake hospitali mlipangana zamu, asikose mtu wa kumshika mkono. Na mwenzenu akifa bila jamaa mlitembea nyuma ya jeneza lake, hata kama mlikuwa hamjamjua akiwa hai.

Alikuwapo msichana Brigita, mama yake Mzungu, baba yake baharia aliyezama. Alikuwa na miaka kumi na saba na hajapata kuchanwa nywele bila kulia, kwa vile hapakuwa na aliyejua kuzichana. Wewe ulimkalisha katikati ya magoti yako. Alipochumbiwa ulikuwa somo wake, ukamfunda siku saba kama afundwavyo mwari wa Kilwa, kwa Kiingereza chako cha kuungaunga. Agnes anasema vicheko vilisikika mpaka kwa jirani, ambaye aliita polisi.

Na mwaka wa kutawazwa Malkia, bwana mkubwa mmoja wa mtaa alikuja Jumamosi akiwa na karatasi. Alitaka akina mama weusi wavae “nguo zao za asili” wacheze ngoma barabarani, kisha wakasimame nyuma wakati wa chai. Wengine walikuwa tayari, maana angalau wangeonekana. Wewe ulimuuliza, “Chai yenyewe tutakunywa wapi?”

“Itategemea nafasi, mama.”

“Basi na ngoma itategemea nafasi,” ulisema. “Ngoma yetu hii ni ya ndani. Haichezwi mbele ya wanaume, awe bwana wa mtaa, awe nani.”

Siku hiyo mlifunga mlango wa Agnes mkacheza wenyewe mpaka sakafu ikalalamika. Bi Kijakazi aliposikia hapo alicheka, Maftaha. Alicheka machozi yakimtoka, akasema, “Huyo ni wangu. Huyo hakuacha kitu.”

Kisha Petro akafika kwenye yale tusiyoweza kuyasoma mara mbili.

Uliandika barua nyumbani mwaka baada ya mwaka. Hukujibiwa. Mwaka wa hamsini na sita Agnes na wenzake waliganda kwenye milango ya serikali mpaka ukapewa karatasi mpya. Mastura, mke wa baharia wa Kisomali, alikupatia nafasi ya kulea watoto wa abiria katika meli ijayo Dar es Salaam. Uliwaaga wafuaji wenzako. Wanawake walikushonea gauni la safari. Na wiki hiyo hiyo ikaja barua kutoka Kilwa, ya kwanza na ya mwisho, kwa mwandiko wa baba mdogo: “Mama yako amesema hana radhi nawe. Usiandike tena.”

Agnes alikuambia, “Nenda hivyo hivyo. Ukifika mtasemezana.”

Ulimjibu, “Narudi kwa nani? Mama asiponitaka, Kilwa ni jina tu.” Nafasi yako ya meli ulimpa mwanamke mwingine, na gauni pia. Ulirudi kwenye mashuka. Ulikuja jikoni Jumamosi kama kawaida, ukawapakulia wenzako, ukasema umeshiba. Baridi ilipoingia kifua kilishikwa, na hukupigana nacho.

Mastura ndiye aliyekuosha. Kati yao yeye peke yake alijua taratibu za maiti ya Kiislamu, lakini mikono yake miwili haikutosha, kwa hiyo aliwaelekeza wengine hatua kwa hatua. Agnes, Mkristo, alichota maji na kuyapasha moto. Brigita, aliyekuwa na mimba kubwa, alikata sanda kwa mkasi wake wa cherehani. Mabaharia walikuswalia. Wanawake walisimama nje ya ukuta wa makaburi, kwenye theluji, mpaka wanaume walipotoka, ndipo wakaingia mmoja mmoja kukuambia “pole” kwa Kiswahili ulichowafundisha.

Mwahija hakungoja mgeni anywe maji. Alikwenda boma, akamkuta baba mdogo mezani pake.

“Shikamoo, baba mdogo.”

“Marahaba. Kuna nini mchana huu?”

“Nimekuja kuchukua barua za dada yangu.”

Baba mdogo aliweka kalamu chini. Kisha akafungua droo ya chini kabisa, akatoa furushi. Zilikuwa kumi na tisa, zimefunguliwa zote.

“Ningefanyaje?” alisema. “Kaandika Mzungu kamtupa. Ningekwenda kwa Bwana Shauri, mkubwa wa boma, nikamwambia Mzungu mwenzake kamtupa mtu? Angeuliza, nani alitia saini? Ni mimi. Kiti hiki ningekuwa nacho? Na kiti hiki ndicho kilichowalisha nyinyi tangu baba yenu afe.”

“Ni kweli, kilitulisha,” Mwahija alijibu. “Ndiyo maana hatukukuuliza kitu miaka yote. Lakini baharia, baba mdogo? Na kuacha dini? Hayo nayo yaliandikwa wapi?”

Baba mdogo alianza kupanga kalamu zake. Mwahija aliondoka bila kumuaga, naye tangu azaliwe hajapata kuondoka mbele ya mkubwa bila kuaga.

Barua zako alizisoma kwa siku tatu, asubuhi na alasiri, Bi Kijakazi akisikiliza kwa macho yaliyofumbwa. Katika zote kumi na tisa hukumlaumu mtu. Uliuliza mvua, uliuliza meno ya mama, uliuliza nani anamsuka Mwahija. Iliyo ya mwisho ilikuwa na mistari miwili, ukiomba radhi kwa kosa usilolijua.

Mama alitia udhu, akaelekea kibla, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka njiani: “Maftaha mwanangu, radhi yangu unayo, duniani na akhera. Sikupata kukunyima wewe. Nilimnyima mtu wa kutungwa.” Kisha akamgeukia Mwahija na kumuuliza, “Na mimi je? Mama aliyemkosea mwanawe, radhi anaiomba kwa nani?”

Mwahija hakujua. Hata sasa hatujui.

Tulikusomea hitma. Waliokuimba walikuja wote, wakala pilau, wakasema ulikuwa mtu mwema. Tuliwapakulia.

Wanaokukumbuka ni mama yako Bi Kijakazi, aliyeacha kusuka ukili. Mdogo wako Mwahija. Binamu yako Abdulatifu. Na shangazi yako Ziada wa Kikole. Wanakukumbuka pia Agnes, Mastura na Brigita wa Kadifu, ambao tunawaandika humu kama ndugu wa damu, kwa kuwa kazi ya damu waliifanya wao.

Baba yako mdogo Tawakali alituma mtu mara mbili kuomba jina lake liwemo katika orodha hii. Mara ya pili Bi Kijakazi mwenyewe alimjibu yule mjumbe: “Mwambie saini ya ukoo huu aliitia mara moja. Inatosha.”

Mwenyezi Mungu akurehemu, Maftaha. Hatutakusahau maisha yetu yote, na wala hatuna haraka ya kujisamehe.