Shahidi Niliyemfuata Nakawa

Zaituni, mwaka mzima hujakanyaga kwangu, umenisusa? Sisi wazima, mama yako kafungua tena duka.

Unauliza kama umwache mumeo, aliyeshtakiwa tena akiwa kwenye kifungo cha nje? Enzi za utawala wa wanajeshi babu yako alikuwa hivyo hivyo, akasingiziwa sukari ya magendo. Gereza la Luzira lilimngoja. Jioni waliyodai kaiuza, alikuwa Nakawa kwa hawara yake, na huyo tu ndiye angemwokoa. Wivu ulinichoma, lakini miguu ilikwenda hadi mlangoni kwake, akanifungulia.

“Dada, umekuja kunipiga?”

“Baadaye. Sasa vaa, ukaseme mahakamani alikuwa kwako.”

Alisema, babu yako akaachiliwa. Yule mwanamke alikuwa mzuri, mpaka leo sijamsamehe.

Ukija, njoo na mumeo. Nataka kumtazama usoni, nijue kama naye kasingiziwa.